Mboga za ndoo na viroba kwa nyumba za Tanga

Shughuli hii haianzi na ndoo wala udongo. Inaanza na kujua utapanda nini, na hapo ndipo wengi wetu hapa Tanga tunapotoka nje ya mstari. Mtu anakwenda soko la Mgandini, anaona kabichi zilizofunga, karoti na liki zinashushwa kutoka Lushoto, moyo unatamani, ananunua pakiti ya mbegu na kurudi nayo Makorora. Sasa Lushoto iko milimani, mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, na usiku watu wanajifunika blanketi. Sisi tuko mdomoni mwa bahari, na mwezi wa Februari hata shuka ni adhabu. Kabichi ya ndoo huku kwetu mara nyingi itakupa majani ya kulishia mbuzi wa jirani. Kichwa utakisubiri mpaka uchoke.

Waachie watu wa Lushoto mboga za baridi, ukanunue kwao. Wewe panda zile zinazopenda joto, ambazo bibi zetu walizipanda uani bila kufundishwa na mtu: mchicha, matembele, majani ya kunde, bamia, mbilingani, nyanya chungu, pilipili mbuzi. Nyanya inawezekana, lakini ina masharti yake nitakayoyaeleza. Kotmiri nayo ina wakati wake.

Anayeanza kabisa asizidishe aina tatu. Mimi ningeanza na mchicha, matembele na pilipili mbuzi. Mchicha kwa sababu ni mboga ya wenye haraka, waja leo waondoka leo: unamwaga mbegu, na kabla mwezi haujaisha uko sufuriani. Matembele kwa sababu hayasusi. Pilipili kwa sababu mti mmoja ukitunzwa vizuri unaweza kukuvusha mwaka na zaidi, na kila siku kuna kitu cha kuchuma.

Hatua ya kwanza: lisome jua la uani kwako

Nyumba nyingi za Ngamiani zina ua nyuma, umezungukwa na ukuta, vyumba vya wapangaji, jiko na bafu. Jua huingia kwa zamu. Chagua siku usiyo na safari, uangalie saa tatu asubuhi jua liko wapi, saa sita liko wapi, saa kumi liko wapi. Weka alama kwa mkaa ukutani. Mboga za majani zinaridhika na saa nne za jua kwa siku. Zinazozaa matunda, yaani bamia, pilipili, mbilingani na nyanya, zinataka saa sita au zaidi.

Jua la asubuhi ndilo bora. Jua la saa saba hadi saa tisa mchana, hasa wakati wa kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi, linachemsha ndoo. Ukishika ubavu wa ndoo nyeusi saa nane mchana utaelewa mizizi inapitia nini. Kwa hiyo sehemu inayopata jua la asubuhi kisha ikapata kivuli cha ukuta mchana ni mali. Kama huna, panga vyombo vikaribiane ili kimoja kimpe mwenzake kivuli, au tundika kipande cha chandarua kikuukuu au makuti juu yake kwa miezi hiyo.

Walio karibu na bahari, Raskazone na Sahare kwa mfano, waangalie pia upepo. Upepo wa bahari hubeba chumvi na kuunguza kingo za majani. Weka vyombo nyuma ya ukuta au ua wa michongoma.

Na kama ua ni wa wapangaji wengi, omba ruhusa kwanza, kisha usizibe njia ya kwenda bombani. Bustani iliyoanza kwa ugomvi humwagiliwa na maji ya kufulia.

Hatua ya pili: vyombo

Karibu kila kitu kinachoshika udongo na kuachia maji kinafaa. Ndoo za rangi za lita 20 ndizo nzuri kuliko zote kwa mimea inayozaa. Chukua zilizokuwa na rangi ya maji, ile ya kupaka kuta za ndani, uzisugue mpaka mabaki yote yatoke. Zilizobeba rangi ya mafuta, oili chafu au dawa za shambani usizichukue hata ukipewa bure.

Kwa mchicha, majani ya kunde na kotmiri unahitaji upana kuliko kina. Dumu la njano la lita 20 la mafuta ya kula, ukililaza na kulipasua ubavu wa juu, ni kitanda kizuri kabisa cha mchicha. Beseni lililopasuka nalo lisitupwe. Ufa ule ndio tundu lake. Kina cha sentimita 15 hadi 20 kinatosha kwa mboga za majani. Pilipili mbuzi ipe ndoo ya lita 10 kwenda juu. Nyanya, mbilingani na bamia zipe lita 20, na usiweke miche minne kwa tamaa. Nyanya mmoja kwa ndoo. Bamia wawili.

Viroba vya unga na vya mchele ni vyepesi na vya bei nafuu, ila jua la kwetu huvila. Baada ya muda nyuzi zinakatika na udongo unamwagika. Kunja mdomo wa nje mara mbili au tatu uwe mgumu, na ukiweza kisimamishe ndani ya tenga kuukuu.

Sasa matundu. Hapa usiwe mchoyo. Pasha msumari mnene kwenye mkaa mpaka uwe mwekundu, ushike kwa koleo, utoboe kitako cha ndoo matundu manane hivi yenye upana wa kidole kidogo. Toboa ukiwa nje kwenye hewa maana moshi wa plastiki si wa kuvuta. Kisha ongeza matundu manne ubavuni, vidole viwili kutoka chini. Hayo ya ubavuni ndiyo yatakayokuokoa masika, maana kitako cha ndoo kikikaa sawasawa juu ya sakafu ya saruji, matundu ya chini huziba. Inyanyue ndoo juu ya vipande viwili vya tofali na tatizo limekwisha.

Utaambiwa uweke kokoto chini ya ndoo ili maji yapite. Usijisumbue. Maji hayashuki kirahisi kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto. Yanasimama juu yake, na mizizi inakosa nafasi. Kipande cha chandarua juu ya matundu kuzuia udongo usitoke kinatosha.

Kuhusu visahani vya chini vya kukinga maji: viache. Maji yaliyosimama uani ni hosteli ya mbu, na mbu wa kidingapopo anauma mchana wakati wewe uko hapo hapo unapalilia. Mwaka 2019 homa hiyo ilipozuka nchini, Tanga ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizopata wagonjwa. Kama unaishi ghorofani na huna budi kuweka kisahani, kimwage kila siku.

Jambo la mwisho kuhusu vyombo: ndoo ya lita 20 yenye udongo uliolowa ina uzito wa kama kilo 25 au zaidi. Iweke mahali pake kwanza, ndipo uijaze.

Hatua ya tatu: udongo, na habari ya usumba

Udongo wa kuchota uani na kujaza kwenye ndoo hautakufaa peke yake. Maeneo mengi ya mji huu yana mchanga na mawe ya matumbawe. Maji hupita kama kwenye chujio na mbolea inaondoka nayo. Ule udongo mwekundu wa mashambani nao, ukishindiliwa ndani ya ndoo na kumwagiliwa kwa wiki mbili, unakuwa tofali. Mchanga wa ufukweni ndio usiguse kabisa. Una chumvi, na chumvi ikishaingia ndani ya ndoo kuitoa ni kazi.

Mchanganyiko wangu ni huu: makarai mawili ya udongo wa juu kutoka shambani au bustanini, karai moja la samadi iliyooza, karai moja la usumba, yaani nyuzi na unga wa makumbi ya nazi. Nani atakosa vitu hivyo Tanga? Samadi ipo kwa sababu mji huu umejaa ng'ombe wa maziwa wanaofugwa majumbani. Ongea na mfugaji, mara nyingi atakupa kiroba kwa bei ya kirafiki ili mradi ukichote mwenyewe, ukifunge kwenye keria ya baiskeli urudi nacho. Ila samadi mbichi inaunguza mizizi na ina magugu na vijidudu. Iliyo tayari haina joto ukiitia mkono, haina harufu ya zizi, na huwezi tena kutambua nyasi zilizokuwemo. Kama bado, irundike pembeni, iloweshe, ifunike kwa miezi miwili hadi mitatu. Samadi ya kuku ina nguvu zaidi, kwa hiyo iwe nusu ya kipimo hicho.

Usumba ndio siri ya bustani ya vyombo ya pwani, na cha ajabu watu wanauchoma moto. Pale nazi zinapofuliwa, makumbi yanarundikana kama kichuguu. Yachukue, yapondeponde kwa nyundo au mchi, uchambue nyuzi ndefu ukae na unga wake pamoja na vipande vidogo. Unga ule hunyonya maji na kuyatoa polepole, na bado unaacha hewa ipite. Ndoo yenye usumba inakaa na unyevu mpaka jioni, ile isiyo nao imekauka saa saba.

Lakini kuna jambo la kuangalia. Makumbi ya pwani yana chumvi yenyewe kwa asili. Na ukichukua usumba uliotayarishwa kwa ajili ya kamba, yaani ule unaofukiwa ufukweni kwa miezi ili ulainike, huo umekunywa maji ya bahari hasa. Ni lazima uoshwe. Tia unga wa makumbi kwenye ndoo, jaza maji baridi, acha ulale. Asubuhi maji yatakuwa rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Yamwage, kamua, jaza tena. Siku ya pili yatakuwa rangi ya chai iliyopauka. Endelea mpaka yatoke karibu meupe, kwa kawaida mara tatu au nne. Anayeruka hatua hii ataona miche yake inachipua, inasimama wiki moja, kisha kingo za majani zinakauka kama zimepitishwa kwenye moto, na atalaumu mbegu.

Changanya vyote juu ya turubai kwa chepe mpaka rangi iwe moja. Jaribio lake ni la mkono: chota konzi, lowesha kidogo, fumbata. Ukifungua kiganja udongo ukae kama donge, na ukiuchokonoa kwa kidole uvunjike. Ukibaki donge, ongeza usumba. Ukimiminika, ongeza udongo na samadi. Jaza ndoo uache vidole vinne juu bila udongo, pawe na nafasi ya maji kukaa kabla hayajazama.

Walio na shamba na wanaotaka kujua udongo wao kwa undani, kituo cha utafiti cha TARI Mlingano kiko wilayani Muheza, na udongo ndiyo kazi yake. Kwa ndoo kumi za uani, kiganja kinatosha.

Hatua ya nne: kupanda, kila mboga na tabia yake

Kwa mbegu za dukani, angalia nembo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na tarehe ya mwisho ya matumizi. Zikiwa zimepakwa dawa ya rangi, nyekundu au kijani, nawa mikono baada ya kuzishika na zikae mbali na watoto.

*Mchicha.* Mbegu zake ni ndogo mno, ukizimwaga kwa mkono zinaangukia pamoja zote. Changanya kijiko cha chai cha mbegu na kikombe cha mchanga mkavu, nyunyiza juu ya udongo uliokwisha kuloweshwa, funika kwa udongo mwembamba sana. Weka gunia lenye unyevu juu yake. Kuanzia siku ya tatu chungulia kila asubuhi; ukiona zimechipua, toa gunia siku ile ile. Sisimizi ni wezi wakubwa wa mbegu hizi, kwa hiyo zungushia majivu chini ya chombo. Miche ikifika urefu wa kidole, punguza ile iliyosongamana, uliyoing'oa ukaitie kwenye mchuzi. Wiki ya tatu hadi ya nne unaanza kuvuna. Ukiukata na kuacha vifundo viwili au vitatu chini utachipua tena mara mbili tatu. Panda dumu jingine kila baada ya wiki mbili na hutanunua mchicha.

*Matembele.* Hapa hununui mbegu. Omba marando kwa jirani, urefu wa kama sentimita 25, yenye vifundo vinne au zaidi. Ondoa majani ya chini, laza nusu ndani ya udongo, acha ncha nje. Weka kivulini siku tatu za mwanzo. Yatanyauka mpaka utadhani yamekufa, kisha yatasimama. Chuma ncha changa kila mara, maana ukiyaacha yatambae hukomaa na kuwa machungu. Mahali pake pazuri ni gunia la kusimama: weka bomba au kopo lisilo na kitako katikati ya gunia, lijaze kokoto, jaza udongo pembeni yake, lipandishe juu, rudia mpaka gunia lijae. Umebaki na nguzo ya kokoto katikati inayopeleka maji mpaka chini. Hapo kokoto zina kazi. Kisha chana ubavuni vidirisha vya vidole viwili na uchomeke marando.

*Kunde za majani.* Chomeka mbegu kina cha kifundo cha kidole, umbali wa kiganja. Huchuma baada ya wiki tatu au nne. Hazina shida, na mizizi yake huuachia udongo rutuba.

*Bamia.* Loweka mbegu usiku mmoja, panda moja kwa moja kwenye ndoo yake, maana haipendi kuhamishwa. Miezi miwili hivi unachuma. Chuma kila baada ya siku moja, ikiwa na urefu wa kidole. Ikipita hapo inakuwa kamba, na mti nao huacha kuzaa ukidhani kazi imekwisha.

*Pilipili mbuzi, mbilingani, nyanya chungu.* Anzisha kitaluni, yaani kwenye kopo au kikombe cha mtindi kilichotobolewa. Mche ukiwa na majani manne hadi sita ya kweli, baada ya wiki tano hivi, uhamishe jioni. Baada ya hapo ni kungoja miezi miwili, mitatu. Hakuna njia ya mkato.

*Nyanya.* Haya ndiyo masharti niliyoahidi. Maua ya nyanya hupukutika usiku ukiwa wa joto sana, na usiku wa kaskazi hapa Tanga ndio hasa ule nyanya usioutaka. Mti utarefuka, utapendeza, utatoa maua na kuyaangusha yote. Kwa hiyo tia mbegu kitaluni kuelekea mwisho wa Aprili, hamisha mwishoni mwa Mei, maua yakutane na Juni na Julai, wakati kusi inavuma na usiku umepoa. Nafahamu kwamba Aprili na Mei ndio masika yenyewe, na mvua na nyanya ni maadui kwa sababu ya ukungu. Hapo ndipo chombo kinapolishinda shamba: ndoo inasogezwa chini ya upenu wa baraza. Usiiweke pale maji ya bati yanapodondokea. Aina fupi kama Cal J hazisumbui ndoo. Tanya na Tengeru 97, zilizotolewa na watafiti wa Tengeru, Arusha, mwaka 1997, nazo zinajulikana na zinapatikana. Chomeka mti wa kuegemea siku ile ile ya kuhamisha, kabla mizizi haijatanda.

*Kotmiri.* Ipande Juni hadi Agosti tu, mahali penye kivuli kidogo. Kwenye joto inakimbilia maua. Si lazima mbegu za pakiti: nunua giligilani nzima duka la viungo, ipasue kila punje vipande viwili kwa kuviringisha chupa juu yake, loweka usiku mmoja, panda.

Hatua ya tano: maji

Chombo hakina pa kukimbilia. Shambani mzizi unashuka chini kutafuta unyevu. Ndani ya ndoo ukifika kitako umefika. Ndiyo maana bustani ya vyombo hufa kwa maji, yakiwa machache au yakiwa mengi.

Usimwagilie kwa kalenda. Zamisha kidole kwenye udongo mpaka kifundo cha pili. Kukiwa na unyevu, ondoka. Kukiwa pakavu, mwagilia mpaka uone maji yanatoka kwenye matundu ya chini. Kurashia juu juu kila mara ni kuifundisha mizizi kukaa juu, ambako jua litaipata. Wakati wa kaskazi ndoo ya nyanya au mbilingani mkubwa inaweza kuhitaji maji asubuhi na jioni. Wakati wa masika huenda usimwagilie wiki nzima. Saa nzuri ni alfajiri mpaka saa moja asubuhi, mwage kwenye udongo, majani yaache makavu.

Maji ya bomba hapa mjini yanatoka mto Zigi kupitia bwawa la Mabayani, hayana chumvi, hayo mazuri. Bomba likikatika watu hukimbilia visima, na visima vilivyo karibu na bahari vingi vina maji ya chumvichumvi. Yaonje. Yakiwa na ladha ya chumvi ulimini, mboga nazo zitaionja. Ukiona utando mweupe juu ya udongo na kingo za majani zimekauka, chumvi imeshajikusanya. Dawa yake ni kumwaga maji matamu mengi, kama ndoo mbili kwa ndoo moja ya mmea, polepole, yapite yote chini. Mvua ya kwanza ya masika nayo inafanya kazi hiyo bure, kwa hiyo siku hiyo zitoe ndoo zako nje.

Maji ya kuoshea mchele na mboga yatumie. Ya kufulia kwa sabuni ya unga, hapana. Ya kuoshea samaki yana chumvi na yanaleta nzi na paka.

Ukisafiri siku mbili tatu, chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, toboa kifuniko kwa sindano ya moto tundu moja, jaza maji, ichomeke kichwa chini kando ya shina. Juu ya udongo tandaza makumbi, majani makavu au nyasi, unene wa vidole vitatu. Hili la kufunika si la safari tu, liwe hivyo siku zote.

Hatua ya sita: kulisha

Rutuba ya ndoo inaoshwa na maji kila siku. Kila baada ya wiki tatu hivi ongeza konzi mbili za samadi iliyooza juu ya udongo, uichanganye kidogo bila kukata mizizi. Mboga za majani zikipauka rangi, loweka kopo moja la samadi iliyooza ndani ya makopo kumi ya maji kwa siku chache, chuja, mwagia kwenye udongo, kamwe si kwenye majani utakayokula. Mbolea za dukani zinafanya kazi, ila mtu mwenye ndoo tano akishika mfuko wa urea mkono humzidi, na mimea huungua. Mbilingani wenye majani mengi ya kijani kibichi na hauna ua hata moja umeshiba kupita kiasi. Upumzishe.

Hatua ya saba: wadudu, na kuku

Adui wa kwanza wa bustani ya uani ana miguu miwili. Kuku mmoja anamaliza dumu la mchicha kabla hujamaliza chai. Nyanyua vyombo, au zungushia chandarua kikuukuu.

Vidukari na inzi weupe hukaa chini ya jani, kwa hiyo geuza majani kila asubuhi unapomwagilia. Wakiwa wachache wapangusie kwa kidole. Wakizidi, koroga kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji, nyunyiza jioni upande wa chini wa majani, asubuhi suuza. Mwarobaini upo kila mtaa: twanga konzi kadhaa za majani, loweka usiku kwenye lita mbili za maji, chuja, tia sabuni kidogo, nyunyiza jioni. Rudia baada ya wiki. Haui papo hapo. Unawakatisha hamu ya kula.

Kwenye nyanya, ukiona mistari na madoa yaliyokauka ndani ya jani kama mtu amechora kwa kijiti, huyo ni kantangaze, kiwavi mharibifu wa nyanya. Kata majani hayo, yafunge kwenye mfuko, yaanike juani mpaka yaive humo humo. Usiyatupe kwenye mboji. Nyanya ikiwa na doa jeusi lililozama kitakoni, huyo si mdudu. Ni maji ya leo mengi kesho hakuna. Na mti wa nyanya au mbilingani ukinyauka wote ungali kijani, na hausimami hata usiku, ni mnyauko; utoe na udongo wake, usiuhurumie.

Ukilazimika kutumia dawa ya dukani, soma siku za kungoja kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye chupa, na uzifuate.

Hatua ya nane: kuvuna na kuutumia udongo tena

Vuna asubuhi mapema, majani yakiwa yamejaa maji. Osha kwa maji safi yanayotiririka hata kama mboga ni yako mwenyewe, maana paka wa mtaa hawana adabu.

Mmea ukimaliza, usimwage udongo. Ung'oe, chambua mizizi, ongeza robo ya samadi na usumba mpya, ubadilishe ukoo. Nyanya, mbilingani, nyanya chungu na pilipili ni ndugu, magonjwa yao ni mamoja. Ndoo iliyotoka mmoja wao ifuatwe na kunde au mchicha. Kama mizizi uliyong'oa ina vinundu, na mmea si wa jamii ya kunde, hao ni minyoo fundo. Tumia jua la kaskazi kuwamaliza: tandaza udongo huo unene wa kiganja juu ya sakafu, uloweshe, ufunike kwa plastiki inayopitisha mwanga, kandamiza kingo zote kwa mawe hewa isipite, uache wiki nne hadi sita. Ukianza katikati ya Januari, udongo uko tayari kurudi ndooni mwanzoni mwa Machi, siku chache kabla ya mvua.